Uzi wa Nane

Tata,

Nimefika Kampala kabla yako, baba. Najua hapo ulipo umeshaguna, maana ni wewe uliyeitafuta safari hii ya muziki. Ni wewe uliyesema kila jioni kwamba utanionyesha mji wenye vilima vingi kuliko uongo wa Marwa mpiga gitaa wetu, halafu ukaugua kifua wiki moja tu na kutuacha na mizigo imefungwa. Sikukusamehe upesi. Niliposhuka kwenye basi kule Kampala, jambo la kwanza nililofanya ni kugeuka nikutafute, ili ucheke jinsi miguu yangu ilivyovimba. Kisha nikakumbuka. Nikasimama pale pale katikati ya watu nikalia, na Matiko, mchezaji wetu, akaja akasimama mbele yangu, amepanua mabega yake yale, ili watu wasinione.

Sasa nimerudi nyumbani Genkuru. Naandika nikiwa nimekaa juu ya jiwe lako hapa langoni pa zizi, karatasi juu ya paja, na jua bado liko juu kidogo. Nina mengi ya kukuambia. Nitakwenda kwa mpangilio, maana ulikuwa humpendi mtu anayeanzia hadithi mkiani.

Siku tuliyokuzika, wazee walifanya kama ukoo wetu unavyomfanyia mpigaji. Walitoa iritungu lako nje, kinubi kile kikubwa cha nyuzi nane, wakaliweka juu ya kigoda chako, wakazilegeza nyuzi zake ili sauti yako uondoke nayo. Walizilegeza polepole, moja kisha nyingine, na kila uzi ulipolegea ulitoa mlio mdogo wa kushuka. Mama aliziba masikio. Ule wa nane waliukuta umelegea tayari, kama ulivyouacha miaka yote ile, wala hakuna aliyeuliza kwa nini. Lile tumbo kubwa la ngozi likabaki kimya na nyuzi zinaning'inia. Hapo ndipo nilipoamini kwamba umekufa. Jeneza halikuniambia kitu, ziliniambia zile nyuzi.

Msiba ulipoisha na sote tumenyolewa, baba mdogo Chacha akatangaza kwamba iritungu litapanda darini. Mwita, mwanao wa kiume pekee, unamjua mwenyewe, hawezi hata kupiga makofi yakalingana. Na mpigaji akiisha, chombo kinapumzika. Mimi nilikuwa nagawa uji. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Nitalipiga mimi."

Tata, ungeiona sura ya ndugu yako! Alinitazama kama mtu aliyesikia mbuzi anasoma Biblia. "Bhoke, mwanamke na iritungu? Tangu lini?"

Mama ndiye aliyejibu. Mama, ambaye hajawahi kumjibu shemeji yake mbele ya watu tangu uliponunua kitambaa cha harusi yenu. Alisema, "Tangu leo," kisha akarudi kukoroga sufuria.

Baba mdogo akamtazama shemeji yake, kisha akanitazama mimi. Mwisho akasema, "Haya. Safari kaka aliitafuta mwenyewe, na watu wa huko wanangoja. Nendeni. Lakini mimi nakuja. Nitasikiliza. Sauti ya kaka yangu ikiwa imo, utabaki nalo. Isipokuwemo, tukirudi linapanda darini, wala usiniletee machozi." Basi hivyo ndivyo tulivyopata abiria wa tano, na chakula chake, na kikohozi chake, na koti lake la keya, la alipokuwa askari wa Waingereza, analolivaa hata kwenye joto la Kisumu.

Lakini kabla ya kwenda popote, ilibidi zile nyuzi zikazwe, na hakuna aliyejua ulikuwa unazikaza vipi. Marwa alizikaza kwa kufuata gitaa lake. Zikalia vizuri, lakini mtu asiyejua angedhani ni gitaa lenye mafua. Ouma akasema tufuate kodiani yake, kwa kuwa kodiani haibadiliki sauti kwa jua wala mvua. Tukafuata kodiani. Ikawa nyimbo za kanisani. Ouma mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Usiku huo sikula.

Kesho yake jioni niliwafungulia ng'ombe lango, na ghafla nikajiona nina miaka saba. Nimeshika boriti ya lango, wewe umekaa hapa hapa nilipokaa sasa, iritungu limeegemea mguu wako. Ng'ombe wametapakaa mteremkoni, wala huwafuati. Unamwita mmoja mmoja. Posta alikuwa na wito wake, Gavana wake, Jumapili wake. Wito wa mdomo kwanza, kisha uzi. Kila ng'ombe na uzi wake. Na ndama akirithi jina la mama yake, anarithi na wito. Watu walidhani ulikuwa unafanya mazoezi ya nyimbo. Ulikuwa unarudisha mifugo nyumbani, na nyimbo zilitoka humo. Nilipojaribu kuuvuta uzi kwa nguvu uliniambia, "Usivute kama unayechota maji. Mwite." Na wa mwisho akishapita, ulikuwa unasema maneno yale yale, "Wote wameingia. Funga." Nami nafunga.

Hivyo nilikaa hapa nikawaita kwa mdomo. Nilikaza uzi wa Posta kidogo kidogo, nikiita na kupiga, kuita na kupiga, mpaka Posta akainua kichwa na kuja. Nikahamia uzi wa Gavana. Majirani wa Nyakunguru waliokuwa wanapita walimwambia mama kwamba msiba umenipanda kichwani. Nilifanya hivyo siku nyingi. Nyuzi saba zikakaa. Wa nane sikuugusa, kwa sababu ulikuwa wa Reli, na Reli hakuwepo.

Tata, sijawahi kukuambia jinsi nilivyomkumbuka Reli. Yule wa kahawia mwenye pembe moja iliyopinda, uliyempa jina hilo uliporudi kutoka Kisumu kuona garimoshi, kwa kuwa akishika njia hapindi kulia wala kushoto. Nilikuwa nalala nimeegemea mbavu zake. Wezi walipomchukua, wewe na baba mdogo mlifuata nyayo mpaka mpakani, mvua ikazifuta, mkarudi. Jioni ile uliwaita wote. Kisha ukaulegeza uzi wa nane, ukaniambia neno moja tu, "Funga." Tangu siku ile mpaka umekufa ulisema "Funga" peke yake. Ulipiga kwa nyuzi saba harusi zote, sikukuu zote, na hakuna aliyegundua isipokuwa mimi niliyekuwa nashika lango.

Basi tukaondoka. Lori la mahindi lilitutoa Nyamisangura mpaka Sirari, na askari wa mpakani akataka kujua kwa nini mtu mmoja ana viatu vya mbao virefu kama matofali mawili. Matiko akamwonyesha. Akavivaa, akapanda juu ya ubao wake, akaanza kupiga miguu. Marwa akaingia na gitaa pale pale barabarani. Yule askari alisahau kuangalia karatasi zetu. Nikawaza, ungefurahi wewe.

Unakumbuka Marwa alivyotoka Nairobi na ile habari ya santuri mpya za ng'ambo, akataka tujiite Genkuru Roki? Ulimuuliza roki ni nini. Akasema ni kelele yenye mpango. Ukamwambia, "Basi hiyo babu yangu alikuwa anaipiga." Sasa sikiliza. Kisumu, vijana wenye suruali za kubana walijaa ukumbini. Waliponiona na iritungu wakacheka, mmoja akauliza kama nimebeba kitanda. Nilikosea mwanzo. Matiko hakungoja, akaanza na miguu peke yake, ule ubao ukawa unarukaruka, Marwa akamfuata, nami nikafumba macho nikamwita Posta. Wimbo wa pili haujaisha, vijana wamevua makoti. Wakawa wanapiga kelele, "Roki! Roki!" na Ouma ananifokea kwa Kiluo chake juu ya kodiani, "Nyako, msichana, usipunguze!" Tulipiga ule wimbo wako wa kuwapeleka ng'ombe mtoni mpaka mwenye ukumbi akaja kutusihi tupumzike, anaogopa sakafu yake.

Kampala ikawa hivyo hivyo, ila kubwa zaidi. Waganda hawaelewi neno hata moja la Kikurya, lakini wanawake wa pale walikuja mbele kunishika mikono. Mmoja alilishika iritungu kama anavyoshikwa mtoto mgonjwa. Tulipiga Jumamosi, wakatuomba na Jumapili. Nilidhani nimeshinda.

Asubuhi ya kuondoka nikamletea baba mdogo chai, nikamuuliza. Maana hakuwa ametoa hukumu yake. Alikunywa chai yote kwanza, unamjua. Akasema, "Mmepiga vizuri. Watu wamefurahi, na mimi mguu wangu ulicheza. Lakini hiyo ni sauti yako, Bhoke. Ni nzuri. Si ya kaka." Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa kwa ubaya ningebishana naye.

Kilichoniumiza ni kwamba huenda alisema kweli. Nani angenihakikishia? Ng'ombe wa nyumbani wamenizoea, labda walikuwa wananifuata mimi, mfungua lango wao, wala si ule wito. Wewe ndiye uliyejua, na wewe umelala chini ya udongo. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimelikumbatia iritungu, nikilihesabu kama kitu cha kwenda kukabidhi. Marwa aliniimbia upuuzi wake wote. Sikucheka hata kidogo.

Tulipoingia upande wa Wagusii, lori lililotubeba likapata pancha karibu na soko moja dogo. Ilikuwa mchana, siku ya soko. Watu wakaona vyombo, wakasema hatuondoki bila kupiga, na Kigusii na Kikurya ni ndugu, hatukuweza hata kujifanya hatusikii. Basi tukatandika ubao wa Matiko chini ya kivuli cha banda la ngozi. Tumeanza tu, uzi wa Gavana ukakatika. Paa! Ukanichapa kidole. Nyuzi za akiba zilikuwa zimeishia Kampala.

Ouma akasema nitumie ule uliolegea. Nikamwambia ule hautumiki. Akasema, "Umefungwa wa nini basi, urembo?" Watu wanangoja, wanapiga miluzi. Nikamtazama baba mdogo, naye akatazama pembeni. Tata, niliomba samli kwa mama mmoja aliyekuwa anauza, nikaupaka ule uzi uliokuwa umekauka miaka yote, nikauinua. Nilijiambia nitaukaza uwe wa Gavana. Lakini vidole vilikataa. Mdomo wangu ulianza wenyewe kumwita Reli, chinichini, ule wito wenye kupanda mara moja na kukaa hukohuko juu, na uzi ukaufuata mpaka ukaupata. Nilikuwa sijauimba tangu utotoni. Sikuwa nimeusahau.

Tukapiga. Kwa nyuzi hizo, huo wa Reli ukiwa unalia kila mahali, wimbo ulibadilika. Ukawa mpana. Nilimwona Marwa ananitazama, mdomo wazi. Nikaendelea kumwita Reli kwa uzi na kwa mdomo, nikilia, wala sijali, nilikuwa najua ni mara ya mwisho kulipiga.

Upande wa nyuma watu wakaanza kupishana. Nilidhani ni mchezaji anakuja. Kumbe walikuwa wanampisha ng'ombe. Kundi la mzee mmoja lilikuwa linatoka kunywa maji, na ng'ombe mmoja alikuwa ameliacha. Ng'ombe mkubwa wa kahawia, mzee, mbavu zinaonekana, pembe moja imepinda. Hakupinda kulia wala kushoto. Alipita kati ya vikapu vya viazi na wanawake waliokuwa wanapiga ukunga, akaja moja kwa moja mpaka mbele yangu, akaweka pua yake juu ya ngozi ya iritungu, akapumua.

Matiko alibaki mguu mmoja juu. Kodiani ya Ouma ikatoa pumzi peke yake ikanyamaza. Ndipo Ouma akasema, "Omera, ndugu zangu, huyu amelipa kiingilio?" na hakuna aliyecheka.

Baba mdogo alikuja polepole. Alilishika sikio la kushoto, akalipapasa pale ulipolichana mara mbili, alama yako. Akasema, "Reli." Ng'ombe akatikisa sikio. Basi baba mdogo Chacha, na koti lake la keya na ukali wake wote, akakaa chini kwenye vumbi la soko akalia kwa sauti, jinsi ambavyo hata siku ya mazishi hakulia. Akawa anasema, "Ni yeye. Ni yeye, na aliyemwita ni kaka."

Mimi nilikuwa nimeegemea zile mbavu. Zina harufu ile ile.

Mwenye kundi, Mzee Nyakundi, alifika anahema, fimbo mkononi, akidhani tunamwibia. Alipoelezwa alikaa naye chini. Alimpata mnadani mchana kweupe, hakujua ametoka wapi, na kwa jinsi alivyomkwaruza Reli shingoni nilimwamini. Amezaa kwake, amenywesha wajukuu zake maziwa. Alizungumza na baba mdogo muda mrefu, kila mmoja kwa lugha yake, wakielewana. Sisi vijana watatu wa kwetu na mmoja wa Kiluo tulikuwa tayari kwa ugomvi, nisikufiche. Hatukuhitajika. Mzee Nyakundi aliniambia, "Huyu siwezi kumtoa, amezeekea kwangu, njia itamuua. Lakini aliyemzaa kwa jina na wito alikuwa baba yako, nami siwezi kumnyima." Akaenda zizini kwake akarudi na mtamba, binti wa Reli, kahawia vilevile, jeuri vilevile.

Baba mdogo alinigeukia kabla hajaipokea ile kamba ya mtamba. Aliniambia mbele ya soko lote, "Mwanangu, iritungu ni lako. Mimi nilisikiliza kwa masikio ya mwenye kiburi. Huyu amesikiliza kwa masikio yake." Kisha akapenga kamasi, akamkaripia Ouma kwa kumtazama.

Lori lilipotengenezwa, mtamba akakataa kupanda. Akakataa kabisa, akampiga Marwa teke. Mwisho mimi na Matiko na baba mdogo tukarudi kwa miguu. Mtamba hakuijua njia, alisimama kila kona, ila nikiita anakuja. Basi niliita, Tata. Niliita njia nzima mpaka sauti ikawa kama ya chura. Reli alitufuata mpaka mwisho wa shamba la Mzee Nyakundi, kwenye kijito. Hapo akasimama. Niligeuka mara nyingi, bado amesimama, ametazama tu. Ilinichoma. Lakini alikuwa na afya kuliko nilivyoogopa, na alikuwa na majani hadi magotini.

Hiyo ndiyo habari. Mama hajambo, analala vizuri sasa. Amempa mtamba chumvi kwa mkono wake, jambo ambalo hata wewe hukufanyiwa. Uzi wa Gavana nimeubadilisha. Watu wa Kisumu wametuma neno wanatutaka tena sikukuu ijayo, na Marwa ameanza kudai tufike mpaka Mombasa. Baba mdogo anasema haendi, kisha anauliza tutaondoka lini. Mwita amejifunza kupiga makofi, yanakaribia kulingana. Mtoto wa dada, Ghati mdogo, ndiye anayeshika boriti ya lango siku hizi, nami namfundisha kuita kabla sijamruhusu kugusa uzi.

Jua limefika kwenye mgongo wa mlima. Wameanza kushuka. Nimempitisha Posta, nimempitisha Jumapili, na Gavana amenisumbua kama kawaida yake. Nilipokuwa naandika hapo juu niliweka karatasi chini nikapiga uzi wa nane, na mtamba akainua kichwa kule mbali, akashuka mteremko wote bila kupinda, akapita lango akanigusa bega. Anaitwa Reli. Amelala ndani.

Nakuahidi hili, Tata, nami ni mtoto wako, unanijua nikiahidi. Uzi huu hautalegea tena mikononi mwangu. Utalia Kisumu, utalia Kampala, na Mombasa Marwa akitufikisha. Siku watakaponizika, wao waulegeze, kama desturi ilivyo, na Ghati atakuwa anajua kuukaza.

Pumzika sasa. Usiendelee kusikiliza nyayo.

Wote wameingia. Nimefunga.

Mwanao,
Bhoke